Ubia, Mkataba au Ruzuku? Istilahi za Tiba ya Kujihami

Kwa karne nyingi majeshi ya dunia yalipoteza askari wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa silaha za adui. Homa ya matumbo, kuhara damu, ndui na malaria viliangusha vikosi ambavyo risasi hazikuviangusha. Katika karne ya 20 hatari hiyo iliongezewa nyingine: gesi za sumu, vijidudu vilivyotayarishwa kuwa silaha, na mionzi ya nyuklia. Serikali zikalazimika kutafuta dawa, chanjo na vifaa vya kuwalinda watu wao. Na kwa kuwa serikali nyingi hazina viwanda vya dawa vya kutosha, zikalazimika kupatana na wenye viwanda.

Maandishi yanayohusu mapatano hayo humfikia msomaji wa Kiswahili kwa njia nyingi: taarifa za habari, ripoti za mashirika ya kimataifa, karatasi za ridhaa wanazosomewa washiriki wa majaribio ya chanjo, vitabu vya mafunzo, na rasimu za mikataba. Mfasiri anayeyapokea huona maneno manne yanayoelekea kutosha, nayo ni dawa, kinga, ushirikiano na mkataba. Akiyatumia hayo peke yake, sentensi zake zitakuwa sahihi kisarufi na zitasomeka vizuri. Lakini msomaji wake hatajua nani amelipa, nani atabeba hasara kazi ikishindikana, nani atamiliki dawa ikipatikana, wala kama dawa yenyewe hutumiwa kabla ya hatari au baada yake. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mambo haya manne hukaa ndani ya istilahi, na kwamba mfasiri asiyezitenga istilahi humnyima msomaji njia ya kuuliza.

I. Asili ya mapatano haya

Mfano unaofahamika kuliko yote ni ule wa penisilini. Alexander Fleming aliigundua mjini London mwaka 1928, na mwaka 1940 Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba inaweza kuwaponya panya walioambukizwa vijidudu. Uingereza ilikuwa vitani na viwanda vyake vilikuwa vimelemewa na kazi. Kwa hiyo mwaka 1941 Florey na Norman Heatley walikwenda Marekani. Huko maabara ya serikali iliyokuwa Peoria, katika jimbo la Illinois, iligundua kwamba maji ya mahindi yaliyolowekwa, ambayo ni masalio ya viwanda vya wanga, yanaistawisha sana kuvu inayotoa dawa hiyo. Makampuni kama Merck, Squibb na Pfizer yaliingia katika kazi hiyo. Serikali ikagharimia baadhi ya viwanda, makampuni yakagharimia vingine, na washindani wakaruhusiwa kubadilishana maarifa ambayo wakati wa amani kila mmoja angeyaficha. Machi 1944 Pfizer ilifungua mjini Brooklyn kiwanda kilichostawisha kuvu ndani ya matangi makubwa, na majeshi yalipotua Normandy mwezi wa Juni mwaka huo penisilini ilikuwapo kwa majeruhi.

Katika historia hiyo fupi tayari zimo dhana tatu ambazo Kiswahili hakina budi kuzitenga. Kuna maarifa yaliyopatikana kwa fedha za umma, kuna mtaji wa mwenye kiwanda, na kuna ahadi ya mnunuzi mmoja mkubwa ambaye ni jeshi. Kila moja ina mwenyewe na kila moja ina hatari yake.

Yafaa pia kueleza kwa nini mapatano ya namna hii yanahitajika hata wakati wa amani. Dawa ya kawaida ina soko: wagonjwa wapo na wataendelea kuwapo. Lakini dawa dhidi ya kimeta kilichotayarishwa kuwa silaha haina mnunuzi ila serikali, na serikali yenyewe huinunua ikitumaini kwamba haitaitumia kamwe. Isitoshe, haiwezekani kuwapa watu sumu ya vita ili kupima dawa yake. Kwa sababu hiyo mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliweka kanuni inayoruhusu dawa za aina hii kuidhinishwa kwa ushahidi wa ufanisi uliopatikana kwa wanyama, maadamu usalama wake kwa binadamu umepimwa. Basi mwenye kiwanda hana soko la hakika wala njia ya kawaida ya majaribio. Hapo ndipo serikali inapoingia na fedha zake, na hapo ndipo jina la mapatano linapokuwa na uzito.

II. Jina la jumla

Dhana ya kwanza ya kutafutiwa jina ni ile inayojumlisha chanjo, dawa, viuasumu na vipimo vyote vinavyotumiwa kuwalinda watu dhidi ya hatari tulizozitaja. Wengine hutafsiri kwa kusema "hatua za kitabibu za kukabiliana". Tafsiri hii ina kasoro moja kubwa. Hatua ni tendo, ilhali kinachozungumzwa hapa ni kitu: hupakiwa, huhesabiwa, huharibika tarehe yake ikipita. Hatua haiwekwi ghalani.

Wengine wamependelea "zana za kitiba". Neno zana ni zuri na la kale, lakini katika mazungumzo ya jeshi limekwisha kushikamana na silaha. Msomaji akikuta "zana za kibiolojia za jeshi" atadhani kwamba anasoma habari za silaha za vijidudu, na hivyo maana itakuwa imegeuka kinyume kabisa.

Sisi twapendekeza nyenzo za kitiba za kujihami, au kwa ufupi nyenzo za kujihami pale ambapo muktadha umekwisha kueleza kwamba tunazungumzia tiba. Nyenzo ni kitu cha kuwezesha kazi, nalo neno halina harufu ya silaha. Kujihami linafahamika kwa askari na raia, na lina sifa ya kueleza kwamba mtu anajilinda, hashambulii. Sifa hiyo si ya urembo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaopiga marufuku silaha za vijidudu unaruhusu kazi zenye makusudi ya kinga na ulinzi. Tofauti kati ya kazi halali na kazi haramu imo katika makusudi hayo, na istilahi haina budi kuyaonyesha.

III. Majina ya aina za nyenzo

Neno chanjo halina tatizo. Limetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi, na linakumbusha jinsi watu walivyokingwa na ndui zamani. Leo chanjo nyingine hunyweshwa, lakini hakuna anayekanganyikiwa. Twashauri libaki kwa maana moja tu: kitu kinachoufundisha mwili kujikinga kabla haujashambuliwa.

Tatizo huanza na neno kinga. Husemwa "mtoto ana kinga", kwa maana kwamba mwili wake una uwezo wa kushinda ugonjwa. Husemwa pia "kumeza kinga", yaani dawa ya kuzuia malaria. Na husemwa "kinga ni bora kuliko tiba", kwa maana ya tahadhari ya kila namna. Katika methali isemayo kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo, neno hilo ni jingine kabisa, ni kijinga cha moto. Katika maandishi ya kitaalamu twapendekeza kinga iwe ni ile hali ya mwili, na dawa inayomezwa kuzuia ugonjwa iitwe dawa ya kuzuia.

Kuna aina moja ambayo haiingii katika chanjo, wala dawa ya kuzuia, wala tiba, nayo ndiyo inayoonyesha vizuri hatari ya kutumia neno kinga ovyo. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991 askari wa Marekani wapatao 250,000 walipewa vidonge vya pairidostigmini kwa kuhofia sumu ya neva iitwayo somani. Sumu hiyo huua kwa kukifunga daima kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kutuliza misuli baada ya neva kuipa amri. Pairidostigmini hukishika kimeng'enya hicho kidogo na kwa muda tu, ikaiwekea nafasi ili somani isikishike chote, baadaye hukiachia. Lakini kidonge hicho peke yake hakimwokoi mtu. Askari akishambuliwa ni lazima adungwe mara moja atropini na pralidoksimu, na tangu mwanzo awe amevaa barakoa na mavazi ya kujihifadhi.

Sasa tufikirie askari anayesoma katika karatasi ya maelezo kwamba amepewa "kinga ya sumu ya neva". Ana haki ya kuamini kwamba amekwisha kukingwa, na akiamini hivyo anaweza kuchelewa kuvaa barakoa. Kosa la mfasiri hapo litalipwa na mapafu ya mtu mwingine. Kwa dawa ya aina hii twapendekeza istilahi dawa tangulizi, yaani dawa inayotangulia hatari ili kuipa nafasi tiba itakayofuata. Jina lenyewe linamwambia mtumiaji kwamba kuna kitu kingine nyuma yake.

Atropini na pralidoksimu, ambazo hutolewa baada ya sumu kuingia mwilini, ni viuasumu. Neno hili limekwisha kuenea, lakini linakaribiana mno na kiuavijasumu, yaani dawa ya kuua bakteria kama vile penisilini. Silabi mbili tu zinatenga dawa ya sumu ya neva na dawa ya kidonda kilichooza. Hatupendekezi kuyaacha maneno haya, maana yamejengwa vema na yanajieleza. Twashauri tu kwamba mahali yanapotokea yote mawili katika ukurasa mmoja, mfasiri aandike antibiotiki badala ya kiuavijasumu, hasa katika maelekezo ambayo yatasomwa kwa haraka.

Mtego wa mwisho katika kundi hili ni neno kipimo. Kipimo ni kifaa cha kutambua ugonjwa au sumu. Kipimo pia ni kiasi cha dawa anachopewa mtu kwa mara moja. Mwezi Novemba 2004 serikali ya Marekani ilitia saini mkataba na kampuni ya VaxGen wa kununua chanjo mpya ya kimeta kiasi cha kuwatosha mamilioni ya watu. Mfasiri akiandika kwamba serikali iliagiza "vipimo milioni 75 vya kimeta", msomaji atafikiri kwamba ni vifaa vya uchunguzi vya maabara. Twapendekeza dozi kwa kiasi cha dawa na kipimo kwa kifaa au kazi ya kutambua.

IV. Majina ya mapatano

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Neno linalotumiwa zaidi ni ushirikiano. Ni neno jema, lakini ni pana kama bahari. Majirani hushirikiana kuchimba kisima, mataifa hushirikiana, na mnunuzi naye aweza kusemwa kwamba anashirikiana na muuzaji. Likitumiwa kwa kila namna ya mapatano, msomaji hupata picha ya watu wawili wanaopendana na kusaidiana, na ile hesabu ya nani atoe nini na apate nini hufichika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Istilahi ya mapatano ndiyo daftari hilo.

Kwa upande mwingine kuna neno ubia, ambalo lilipata hadhi ya kisheria nchini Tanzania katika Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya mwaka 2010. Ubia ni neno la kale la wafanyabiashara na mabaharia. Wabia wa jahazi huchangia mtaji, hugawana faida, na jahazi likizama hugawana hasara. Nguvu ya neno imo katika hilo la mwisho: mbia hana njia ya kupokea faida na kuikimbia hasara. Kwa hiyo hatudhani kwamba yafaa kuita ubia kila mapatano ambayo kwa lugha ya kigeni yamepewa jina la fahari. Mfasiri ayachunguze masharti kwanza, kisha achague moja kati ya majina yafuatayo.

Mkataba wa ununuzi. Serikali huahidi kununua, na mwenye kiwanda hubeba hatari ya kutengeneza. Mkataba wa VaxGen tuliokwisha kuutaja ulikuwa wa aina hii. Thamani yake ilikuwa dola milioni 877.5, nao ulifanywa chini ya sheria ya mwaka 2004 iliyotenga dola bilioni 5.6 kwa muda wa miaka 10 kwa ununuzi wa nyenzo za kujihami. Fedha zilikuwa zilipwe chanjo ikikabidhiwa. Kampuni ilishindwa kuanza majaribio kwa tarehe iliyowekwa, na mwezi Desemba 2006 serikali ikauvunja mkataba. Huu haukuwa ubia: jahazi lilipozama, mmoja ndiye aliyelowa. Mwezi huo huo ilipitishwa sheria nyingine iliyounda mamlaka maalumu ya utafiti wa nyenzo hizi na kuruhusu kulipa sehemu ya fedha kila hatua fulani ya kazi inapokamilika. Kwa hiyo twahitaji istilahi mbili zaidi: malipo baada ya kukabidhi na malipo kwa hatua. Mfasiri akiandika "malipo" tu, atakuwa ameacha nje jambo ambalo sheria nzima ilitungwa kwa ajili yake.

Ruzuku. Serikali hutoa fedha ili kazi ifanyike, na hairudishiwi hata kazi isipozaa matunda. Tofauti kati ya ruzuku na ununuzi ilionekana wazi wakati wa maradhi ya korona mwaka 2020, Marekani ilipoendesha mpango wa chanjo uliosimamiwa kwa pamoja na wizara yake ya afya na ile ya ulinzi. Kampuni ya Moderna, iliyotengeneza chanjo yake pamoja na wanasayansi wa taasisi za afya za serikali, ilipewa fedha za umma za kuiendeleza na kuijaribu. Pfizer iligharimia majaribio yake yenyewe, na Julai 2020 ikapata ahadi ya kununuliwa dozi milioni 100 kwa dola bilioni 1.95 chanjo ikiidhinishwa na kukabidhiwa. Lakini mwenzake Pfizer, kampuni ya BioNTech, alipata ruzuku ya hadi euro milioni 375 kutoka serikali ya Ujerumani. Magazeti yaliyoandika kwamba makampuni hayo yote "yalishirikiana na serikali" hayakusema uongo. Ila hayakusema kitu.

Leseni. Mwenye hataza humruhusu mwingine kuitumia. Chanjo ya Ebola iliyotumika katika mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo ilibuniwa katika maabara ya serikali ya Kanada mjini Winnipeg, kwa sehemu kwa fedha zilizotengwa kwa kujikinga na silaha za vijidudu. Mwaka 2010 leseni yake ilitolewa kwa kampuni ndogo ya Marekani, na mwaka 2014 kampuni hiyo ikaipitisha kwa Merck. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya zahanati. Mtu wa Beni au Butembo aliyeuliza chanjo hii ni ya nani alistahili jibu lenye maneno matatu tofauti: mbunifu, mwenye hataza na mtengenezaji. Jibu la neno moja, "wazungu", lilikuwa chimbuko la uvumi.

Mapatano maalumu. Hii ni istilahi ngumu kuliko zote. Sheria za Marekani, kuanzia ile ya mwaka 1958 iliyounda shirika la anga, zinaruhusu baadhi ya idara za serikali kufanya mapatano ambayo si mkataba wa ununuzi wa kawaida, wala ruzuku. Kwa lugha yao wenyewe huitwa tu shughuli "nyinginezo", yaani yametajwa kwa kile ambacho siyo. Kuyatafsiri kwa neno kwa neno kungezaa upuuzi. Sifa yao kubwa ni kwamba hayafungwi na sehemu kubwa ya kanuni za ununuzi wa serikali, wala na sheria ya mwaka 1980 inayoihifadhia serikali haki fulani katika uvumbuzi uliogharimiwa na umma. Wenye kuyatetea husema yanaharakisha kazi. Wenye kuyashuku husema yanapunguza uangalizi. Twapendekeza mapatano maalumu nje ya kanuni za ununuzi. Istilahi ni ndefu, lakini kila neno lina kazi, na haimwelekezi msomaji upande wowote wa ubishi huo.

Mara nyingi mapatano ya aina hii hufanywa na kundi la makampuni, vyuo na maabara lililojiunga chini ya msimamizi mmoja ili serikali iwe na mlango mmoja wa kubisha. Kundi hilo lisiitwe ushirika, maana kwetu ushirika ni chama cha wakulima au wafanyakazi wenye hisa na kura sawa. Twapendekeza jumuiko la makampuni.

V. Neno lililozaliwa vizuri

Isifikiriwe kwamba Kiswahili hakiwezi mambo haya. Mwaka 1967, kwa ombi la Vietnam ya Kaskazini ambayo askari wake waliangamizwa na malaria msituni, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523 kwa kufuata tarehe ya kuanzishwa kwake, 23 Mei. Katika mradi huo Tu Youyou na wenzake walipata dawa ya artemisinini mwaka 1972, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 1994 kampuni ya Uswisi ambayo baadaye ikawa sehemu ya Novartis ilipatana na Wachina kuhusu dawa yao iliyounganisha artemeta na lumefantrini, na mwaka 2001 Novartis ikapatana na Shirika la Afya Duniani kuiuza bila faida kwa hospitali za umma za nchi zenye malaria.

Tanzania Bara ilipoanza kuitumia dawa hiyo kuwa tiba ya kwanza mwaka 2006, wananchi hawakupewa jina la kemikali. Waliambiwa ni dawa mseto. Kila mtu anajua mseto wa jikoni, anajua kilimo cha mseto, na amesikia habari za serikali ya mseto. Bila maelezo marefu alifahamu kwamba dawa mbili zimeunganishwa ili moja ifanye ambalo nyingine haiwezi. Hivi ndivyo istilahi inavyotakiwa kuwa: ni sahihi kwa mtaalamu, na haimfungii mlango mgonjwa.

Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ni mfano wa pili ulio karibu nasi. Ilianza katika miaka ya 1980 kwa mapatano kati ya taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed na kampuni ambayo leo ni GSK. Jeshi lilitaka kuwalinda askari wake. Waliofaidika hasa ni watoto. Mwaka 2001 shirika lisilo la faida la PATH liliingia likiwa na fedha za wafadhili. Jaribio kubwa lililoanza mwaka 2009 lilihusisha watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, wakiwamo wa Bagamoyo na Korogwe kwa upande wa Tanzania, na wa Kilifi, Siaya na Kombewa kwa upande wa Kenya. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike. Kampuni ilitia mtaji wake na kuahidi bei isiyozidi gharama kwa zaidi ya asilimia 5, ziada hiyo irudi katika utafiti. Hapa neno ubia laweza kutumiwa bila kuona haya, kwa kuwa pande zote ziliweka mali hatarini.

Wazazi wa watoto hao walisomewa karatasi za ridhaa. Neno ridhaa lisitafsiriwe kana kwamba ni kukubali tu. Desemba 1990 jeshi la Marekani liliruhusiwa kuwapa askari dawa ambazo hazijaidhinishwa kwa kazi hiyo bila kuwaomba ridhaa. Malalamiko yaliyofuata yalisababisha sheria ya mwaka 1998 inayompa Rais peke yake mamlaka ya kuiondoa haki hiyo. Pairidostigmini ilikuwa imeidhinishwa zamani kwa ugonjwa wa udhaifu wa misuli, lakini kwa somani iliidhinishwa mwaka 2003 tu. Kwa hiyo twapendekeza ridhaa baada ya maelezo, na mfasiri atenge dawa iliyo katika majaribio na dawa iliyoidhinishwa kwa matumizi mengine.

VI. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Nyenzo za kitiba za kujihami: chanjo, dawa na vipimo vya kuwalinda watu dhidi ya silaha za sumu, vijidudu au mionzi, na maradhi ya vitani.

Dawa ya kuzuia: dawa inayotumiwa na mtu mzima wa afya ili asipatwe na ugonjwa.

Dawa tangulizi: dawa inayotangulia hatari ili tiba itakayofuata ifanye kazi, haitoshi peke yake.

Kiuasumu: dawa inayoondoa nguvu ya sumu iliyokwisha kuingia mwilini.

Dozi: kiasi cha dawa au chanjo kwa mara moja.

Kipimo: kifaa au njia ya kutambua ugonjwa au sumu.

Akiba ya dharura: nyenzo zilizohifadhiwa na serikali, ghala ni jengo tu.

Mkataba wa ununuzi: ahadi ya kununua, kwa malipo baada ya kukabidhi au malipo kwa hatua.

Ruzuku: fedha zisizorudishwa za kuendeshea kazi.

Leseni: ruhusa ya mwenye hataza kwa mwingine kuitumia.

Mapatano maalumu nje ya kanuni za ununuzi: mapatano ya serikali yasiyofungwa na taratibu za kawaida za ununuzi wala za ruzuku.

Jumuiko la makampuni: kundi la makampuni na taasisi lenye msimamizi mmoja mbele ya serikali.

Ubia: mapatano ambayo pande zote huchangia mtaji na kugawana faida na hasara.

Ridhaa baada ya maelezo: kukubali kwa hiari kwa mtu aliyekwisha kuelezwa manufaa na hatari.

Haya ni mapendekezo, na istilahi huthibitishwa na matumizi. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali watakaoyajaribu watuandikie yaliyofaa na yaliyokwama, hasa maneno yanayotumika tayari katika hospitali na kambi za sehemu zao ambayo hayajafika mezani kwetu. Mpaka hapo twashauri kanuni moja ya kazi: kabla ya kuandika neno ushirikiano, mfasiri ajiulize nani analipa, nani atapata hasara, na nani atamiliki. Akipata majibu, neno sahihi litakuwa limekwisha kujitaja lenyewe.